Kilele ni cha Nani?

Wako watu ambao wakiona kilima mbele yao hawatulii mpaka wamekipanda. Hawana ng'ombe aliyepotea huko juu, wala kuni za kukata, wala jamaa wa kuamkia. Hupanda, hutazama, kisha hushuka. Bibi zetu waliozoea kupandisha mtungi wa maji kutoka bondeni wangeicheka safari ya namna hii, na kicheko chao kingekuwa cha haki. Kwani mtu aliyepanda maisha yake yote kwa lazima haoni fahari ya kupanda kwa hiari. Walakini mimi sithubutu kuicheka. Naamini kuwa tamaa ya kuona mbali ni tamaa ya kibinadamu, nayo haichagui tajiri wala maskini. Ninalotaka kuuliza ni jambo jingine, nalo ni gumu kuliko mlima wenyewe: Je, uzuri uonekanao kutoka kileleni ni mali ya nani?

Swali kama hili likiachwa hewani hupeperuka kama moshi. Basi nakuomba, msomaji wangu, ufuatane nami mpaka mahali pamoja palipo halisi, upande wa pili wa dunia, ambapo swali hili limejibiwa mara nyingi na kwa namna nyingi, na safari moja likajibiwa kwa moto.

Mahali penyewe ni katika milima ya Catskill, jimbo la New York, nchini Marekani, kiasi cha maili 100 kaskazini ya mji mkubwa wenye jina lilo hilo. Usidhani kuwa ni milima ya theluji ya daima kama ule wetu. Jabali tunaloliendea li kiasi cha futi 2,200 tu juu ya usawa wa bahari. Lakini kimo cha mlima hakipimwi kwa futi pekee, hupimwa pia kwa bonde lililo chini yake. Hapa bonde li karibu sawasawa na bahari. Mto Hudson upitao humo bado hujaa na kupwa kama pwani, ijapokuwa bahari i mbali nao kwa mwendo wa siku kadhaa za miguu. Na kando ya bonde hilo mlima huinuka ghafula kama ukuta wa boma. Juu ya ukuta huo pana jabali lililo tambarare kama baraza. Zamani paliitwa Pine Orchard, kwa ajili ya misonobari iliyoota hapo. Mwaka 1824 nyumba ya wageni ilifunguliwa juu ya jabali hilo, ikaitwa Catskill Mountain House. Baadaye iliongezwa mara kwa mara, hata ikawa jumba kubwa jeupe lenye nguzo 13 ndefu mbele yake, za mtindo wa Kiyunani.

Twende kwa miguu. Iko njia fupi kutoka kwenye maziwa mawili madogo yaliyo nyuma ya jabali, lakini hiyo ni njia ya mtu mwenye haraka. Sisi tufuate barabara ya kale ya magari ya farasi, ambayo leo ni njia ya watembeao kwa miguu na wapandao farasi. Huanza chini kwa upole, katikati ya miti mirefu, huku maji ya kijito yakisikika upande mmoja. Kisha huingia katika korongo, ikageuka, ikapanda kwa ukali, ikageuka tena. Pindi moja ya mwinuko iliitwa Dead Ox Hill, yaani Kilima cha Maksai Mfu, na jina linatosha kukueleza habari za mahali hapo. Nusu ya njia palikuwa na nyumba ndogo ambamo farasi walipumzishwa na abiria wakapata kinywaji. Wenyewe waliipa jina la Rip Van Winkle, yule mtu wa hadithi ya Washington Irving iliyotolewa mwaka 1819, aliyelala mlimani miaka 20 akaamka na kukuta dunia imebadilika. Husemwa kuwa Irving alikuwa hajapata kuikanyaga milima ile alipoiandika hadithi. Alikuwa ameiona kwa mbali tu, kutoka mtoni. Wenye biashara hawakulijali hilo. Jina lilileta wageni, na mgeni mwenye kiu haulizi usahihi wa vitabu.

Mwisho wa kupanda utatarajia kuona nini? Hakuna kitu. Pana uwanja wa majani, pana jabali, na mbele ya jabali pana hewa. Ukisogea ukingoni ndipo moyo unaposhtuka, maana bonde lote huwa limefunuliwa chini yako kwa safari moja: mashamba, vijiji, mto uking'aa kama utepe maili kama nane au tisa kutoka hapo, na ng'ambo ya mto vilima vya majimbo mengine, safu nyuma ya safu, mpaka rangi ya kijani igeuke buluu na buluu igeuke anga. Asubuhi huenda ukaikuta bahari ya ukungu imejaa bonde zima, na wewe u juu yake katika jua. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba.

Wageni wa kwanza walifikaje? Walitoka New York kwa merikebu ya moshi, wakashuka katika bandari ndogo ya Catskill, wakapanda gari la farasi, na kutoka hapo mpaka juu ilikuwa safari ya saa nne au zaidi. Penye mwinuko mkali hata bwana mwenye kofia ya hariri alishuka akatembea, ili farasi wapate nafuu. Kisha mwaka 1892 ikajengwa reli ya kuvutwa kwa kamba ya chuma, iliyopanda moja kwa moja katika uso wa mlima, ikayageuza yale masaa kuwa dakika 10 hivi. Reli hiyo ilidumu mpaka mwaka 1918, kisha ikang'olewa.

Hapa wako watakaosema: aliyefika kwa jasho ndiye mwenye haki ya kileleni, aliyevutwa kwa kamba ameiba. Nimelisikia neno hili mara nyingi kutoka kwa watu wenye miguu mizuri. Nakiri kuwa lina ladha. Maji humpendeza mwenye kiu, na jabali ni tamu zaidi kwa mtu ambaye magoti yake yanatetemeka. Lakini tofautisha, msomaji, baina ya utamu na haki. Jasho huongeza utamu. Halimpi mtu hati ya kumiliki. Mzee ambaye miguu yake imemwacha, mtoto aliyezaliwa kiwete, mama mwenye mimba, je, hao macho yao ni duni kuliko ya kijana apandaye kwa mbio? Kama tungeigawa dunia kwa kipimo cha jasho, wapagazi wangelikuwa wafalme wa milima yote, nasi tunajua kuwa haikuwa hivyo. Mimi ile reli siichukii. Nachukia tu kwamba nayo ilikuwa na nauli.

Maana lililoamua hasa nani aketi kwenye baraza ile halikuwa jasho bali mfuko. Watu walilipa kwa ajili ya chumba na chakula, lakini tusijidanganye, walicholipia ni lile bonde. Kila asubuhi waliamshwa mapema watoke kutazama jua likichomoza. Mwenye nyumba hakuliumba jua wala hakuuchimba mto, walakini alikuwa ameliweka jumba lake mahali pale hasa pa kutazamia, na hivyo akawa kama bawabu wa mapambazuko. Biashara ilikuwa halali. Sitasema kuwa alimdhulumu mtu. Nasema tu kwamba iko namna ya kumiliki kitu pasipo kukigusa, nayo ni kusimama mlangoni pake.

Na kiburi cha mlangoni hakikosi kuzaa mashindano. Husimuliwa kwamba wakili mmoja tajiri wa Philadelphia, George Harding, alikuwa mgeni wa nyumba hiyo, akaomba binti yake apikiwe kuku wa kukaangwa, kwa kuwa tabibu alimkataza nyama nyekundu. Akajibiwa kuwa kuku hakumo katika orodha ya chakula siku hiyo. Maneno yakazidi, hata mwenye nyumba, Charles Beach, akamwambia kuwa kama hakuridhika akajenge hoteli yake mwenyewe. Harding akajenga. Mwaka 1881 Hotel Kaaterskill ikafunguliwa juu ya mlima wa jirani, kubwa kuliko ya Beach. Iliungua mwaka 1924. Kama kisa cha kuku ni kweli tupu au kimetiwa chumvi, jumba lilikuwa la kweli na moto ulikuwa wa kweli. Nami nikikifikiri kisa hiki hucheka kwanza, kisha huona haya kwa niaba yetu wanadamu, kwamba watu wawili wanaweza kusimama mbele ya uso wa nchi uliopambwa vile, na jambo lililojaza mioyo yao likawa kuku.

Sasa nataka kulisema lile ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kutazama kutoka juu kuna utamu wake na kuna hadaa yake. Ukiwa juu, shamba ni kiraka cha rangi, humwoni alimaye. Nyumba ile ilipofunguliwa mwaka 1824, utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo la New York. Ulikomeshwa tarehe 4 Julai 1827. Basi kwa miaka mitatu ya kwanza wageni waliweza kuketi barazani, wakiusifu utulivu wa nchi ile, na katika nchi hiyo hiyo iliyotulia walikuwamo watu waliokuwa mali ya watu. Baraza haikusema uongo. Ilikuwa juu mno tu kwa kuweza kusema kweli.

Tena, si bonde peke yake. Nyuma ya migongo ya wageni, ndani ya milima yenyewe, msitu ulikuwa ukichunwa ngozi. Sineni kwa mfano. Uko mti wa jamii ya misonobari uitwao hemloki, ambao maganda yake yalitumika kudabighia ngozi. Ngozi mbichi zililetwa kwa meli hata kutoka Amerika ya Kusini, zikapandishwa milimani, kwa sababu ilikuwa rahisi kuzipeleka ngozi kwenye maganda kuliko kuyachukua maganda kwenda kwenye ngozi. Miti ilikatwa, ikaambuliwa, na mara nyingi magogo yakaachwa yaoze chini. Kazi hii ilistawi katika miaka ile ile ambayo wageni wa barazani walikuwa wakiandika nyumbani barua za kuusifu msitu usiokanyagwa. Mchoraji Thomas Cole, aliyeanza kuichora milima hiyo mwaka 1825, alikuwa miongoni mwa wachache waliogeuza shingo. Katika insha aliyoitoa mwaka 1836 alilalamika juu ya shoka. Wengi wengine walitazama mashariki, kwenye mapambazuko.

Huenda ukaniuliza: Je, mtu asipande, basi, kwa kuwa macho yake yatadanganywa? La, apande. Lakini akumbuke kuwa amepanda. Aliyeko juu ana deni kwa walioko chini, si kwa sababu amewaibia kitu, ila kwa sababu yeye anaona umbo lao na haoni hali zao, na umbo likipendeza ni rahisi sana kudhani kuwa na hali inapendeza. Wewe uliye shuleni umepanda kilima cha namna hiyo, utake usitake. Kutoka dirishani pa darasa, kijiji chako kwaweza kuonekana kidogo na kizuri, au kidogo na duni, na yote mawili ni makosa ya umbali.

Turudi jabalini. Mwaka 1885 bunge la New York lilitunga sheria kwamba ardhi ya msitu ya serikali katika milima ile na mingineyo idumu kuwa mwitu. Nia hazikuwa safi zote. Wilaya moja ya Catskill ilikuwa ikitafuta njia ya kujinasua katika deni la kodi, na ardhi zake zikaingizwa katika sheria kwa sababu hiyo. Lakini jambo jema halikatai kuzaliwa na wazazi wenye ila. Mwaka 1894 neno hilo likatiwa katika katiba ya jimbo, lisiweze kuondolewa na bunge la siku moja: ardhi isiuzwe, isikodishwe, miti isikatwe.

Wakati huo huo dunia ya magari ya farasi ilikuwa ikiondoka. Motokaa iliwafundisha watu kulala mahali papya kila usiku, na nyumba ambamo mtu aliketi mwezi mzima akitazama bonde lile lile ikaanza kuonekana kama adhabu. Katika miaka ya mwanzo ya Vita Vikuu vya Pili milango ilifungwa. Mvua ikaingia, nguzo zikaanza kuanguka, wapita njia wakaondoka na mbao. Serikali ilipoinunua, nyumba ilikuwa gofu la hatari, na ardhi iliyokuwa chini yake sasa ilikuwa msitu wa kudumu, ambamo jumba halina mahali. Alfajiri ya tarehe 25 Januari 1963, katikati ya majira ya baridi, watumishi wa serikali waliitia moto. Mwezi wa Disemba wa mwaka huo huo bendera yetu ilipandishwa. Mambo haya mawili hayahusiani. Nayataja pamoja ili ujue kuwa sikusimulii habari za mababu wa mababu. Wako watu wazima hai leo walioliona jumba lile likisimama.

Je, serikali ilitenda haki? Watu walioipenda nyumba waliumia, nao walikuwa na hoja. Walisema kuwa jumba la miaka karibu 140 nalo ni sehemu ya mlima. Kwamba wachoraji wameliweka katika picha zao pamoja na mawingu. Kwamba mtu hawezi kudai kuirudisha nchi katika hali ya mwanzo kwa kuuteketeza ushahidi wa yaliyopita katikati. Hoja hii ya mwisho hunisumbua. Nyumba ile ilikuwa shahidi. Ilishuhudia fahari, na pia ilishuhudia upofu niliokwisha kuutaja. Anayekuja leo akakuta majani matupu aweza kudhani kuwa mahali hapa palikuwa hivi tangu kuumbwa, na huo ni uongo mwingine, uongo wa kijani kibichi.

Upande wa pili, fikiri sheria ingalikuwaje kama ingalipinda kwa ajili ya nguzo 13. Kesho angalikuja mwenye nguzo nne, na keshokutwa mwenye kibanda cha kuuzia vinywaji, kila mmoja akiwa na sababu nzuri. Neno daima, likiwa na ila moja, halitakuwa neno daima tena. Wala gofu lisingalijitengeneza lenyewe. Fedha zingalitoka wapi, na mwenye kuzitoa asingalitaka kusimama mlangoni? Baada ya kupima huku na huku mimi huangukia upande wa moto. Sianguki kwa furaha. Naona kuwa ni heri baraza iwe ya jabali, ambayo haina orodha ya chakula wala bawabu, kuliko iwe ya mbao na ufunguo uwe mfukoni mwa mtu. Lakini ningalipenda wangaliacha japo nguzo moja imelala pale ilipoangukia, mtu ajikwae juu yake aulize.

Wala sitaki udhani kuwa swali langu limekwisha kwa kuondolewa mlango. Jabali li wazi kwa kila mtu, ni kweli. Lakini nani hufika? Hufika mwenye siku ya mapumziko, mwenye nauli ya kutoka mjini, mwenye viatu, mwenye mwenzi aliyemwambia kuwa mahali hapo papo. Yule aoshaye vyombo Jumapili katika hoteli ya bondeni ana haki sawasawa na wengine ya kuketi juu ya jabali, na huenda asiitumie mpaka kufa kwake. Kuuondoa mlango ni jambo moja, kuileta njia mpaka mguuni pa mtu ni jingine. Na katika hili la pili sijui nchi yoyote iliyokwisha kumaliza kazi.

Kabla hatujashuka, tazama chini penye miguu yako. Wageni wa karne ya 19 walikuwa na desturi ya kuchonga majina yao juu ya jabali, kwa herufi nzuri zenye mikia, pamoja na mwaka. Mtu akifanya hivyo leo ni kosa la kushitakiwa. Nyumba imekwenda, reli imekwenda, hoteli ya kuku imekwenda, na kilichobaki cha wageni wote wale ni kosa lao. Baadhi ya herufi zimejaa kuvu, nyingine zimelainishwa na nyayo, na nyingi ni za watu ambao hakuna tena awajuaye. Jabali ni dogo, na ili ufike ukingoni penye kutazamia vema yakupasa ama uyakanyage majina hayo ama uyaruke moja moja. Jua limekwisha kupita upande wa nyuma ya mlima, na kivuli cha ukuta kimeanza kutambaa bondeni kuelekea mtoni. Wewe ungepita vipi?